Sampuli Isitangulie Mkataba

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi na ndugu wengine, asanteni kwa kufika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jioni hii. Nazungumzia utafiti tunaoufanya pamoja na wageni, na nani anabaki na sampuli na data.

Naanza na Erasto Mpemba. Akiwa mwanafunzi wa sekondari aliona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto ukiganda kabla ya ule wa baridi. Darasani walimcheka. Alipokuja shuleni kwao Denis Osborne, Mwingereza aliyefundisha fizikia hapa Dar es Salaam, kijana akamuuliza swali lile lile. Osborne akarudi chuoni, akaagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Leo dunia nzima inaliita jambo lile kwa jina la Mpemba. Ushirikiano ninaoutetea ni huo.

Tendaguru, Lindi, mambo yalikuwa mengine. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandarini, na mjusi yule mkubwa amesimama Berlin mpaka sasa.

Siku hizi hahitajiki mpagazi. Mali inatoka nchini ikiwa ndani ya kichupa cha damu, au ndani ya faili lililotumwa kwa barua pepe usiku wa manane. Mimi niliwahi kusaini mkataba wa mradi bila kusoma kifungu cha umiliki wa data. Baadaye nikalazimika kuomba ruhusa ya kutumia majibu ya wagonjwa niliowahoji mwenyewe. Inaniuma hadi leo.

Vyombo tunavyo. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, inatoa vibali vya utafiti, NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inapitia maadili ya tafiti za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022. Ila mara nyingi tunakumbuka vibali na mikataba wakati sampuli imeshapanda ndege.

Mwaka 2021 rais wa Marekani aliagiza watafiti wanaopewa fedha za serikali waeleze nani mwingine anawafadhili. Nasi tumuulize kila mbia wetu swali hilo, awe ametoka Beijing au Boston, bila kuona haya. Lakini tusimpime mtu kwa pasipoti yake. Mwanafunzi mgeni anayekaa benchi moja na wetu maabara si mwizi. Tukianza kumnong'ona, Osborne mwingine hatakuja.

Wakuu wa idara, nawaomba jambo moja. Mtafiti kijana akiletewa mkataba, mpeni mwanasheria wa chuo akae naye wausome kifungu kwa kifungu kabla hajashika kalamu. Mimi nilikuwa peke yangu.