Mafuta Hutokea Puani

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Rehema, na leo nimekuja na swali la nyumbani. Shangazi yangu kanunua mkanda wa nailoni. Anaufunga tumboni kila alfajiri, anatembea saa nzima, akirudi anaukamua kwenye beseni, maji yanachuruzika. Ananiambia, "Mwanangu, ona mafuta yanavyotoka!" Na akipanda kwenye mizani, kweli kapungua karibu kilo. Kaka Baraka, yale ni mafuta?

BARAKA: Ni jasho, dada. Maji na chumvi. Akishanywa maji, kilo ile imerudi. Na mwambie aufungue, nailoni na joto la Dar vinaweza kumwangusha njiani.

REHEMA: Sasa mafuta yenyewe yamekaa wapi?

BARAKA: Tuanzie kwenye chai na chapati zake za asubuhi. Wanga wa chapati unakuwa sukari kwenye damu. Kongosho linamwaga insulini, na insulini kazi yake ni kusema: tumieni, kinachobaki wekeni. Sehemu inawekwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni, yaani akiba ya sukari, lakini huko nafasi ni finyu, yote kwa pamoja ni kama nusu kilo tu. Mafuta yaliyokaangia chapati yanaingia kwenye seli za mafuta, chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Na hapo hakujai upesi, kwa sababu seli hizo zinatanuka.

REHEMA: Kwa nini mwili usiweke akiba yote kama glaikojeni?

BARAKA: Ingekuwa nzito mno! Gramu moja ya mafuta ina nguvu ya kilokalori 9, ya wanga ina 4, na glaikojeni inashikilia maji karibu mara tatu ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 mwenye kilo 15 za mafuta anatembea na zaidi ya kilokalori 100,000. Angeziweka kwa njia ya glaikojeni, asingeinuka kitini.

REHEMA: Kumbe ndiyo maana mtu akiacha ugali siku tatu anapungua kilo mbili, halafu zinarudi.

BARAKA: Nyingi ni maji hayo ya glaikojeni. Mafuta hayana haraka hivyo. Ukikaa muda bila kula, au ukitembea kama shangazi, insulini inashuka, adrenalini inapanda. Vimeng'enya ndani ya seli vinayakata mafuta: gliseroli moja, asidi za mafuta tatu. Asidi hizo zinasafiri kwenye damu hadi kwenye misuli na moyo, zinachomwa kwa oksijeni. Kinachopatikana ni nguvu, maji na hewa ya ukaa.

REHEMA: Hewa ya ukaa si ndiyo tunayoitoa tukipumua?

BARAKA: Hiyo hiyo! Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu katika jarida la British Medical Journal. Kilo 10 za mafuta zikiungua zote, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi. Zilizobaki 1.6 ni maji. Kila nikiisoma hesabu ile nasisimka.

REHEMA: Basi nikihema haraka haraka hapa nitapungua?

BARAKA: Utapata kizunguzungu tu. Pumzi inabeba kilichokwisha kuungua, na anayechoma ni msuli. Shangazi anasaidiwa na ile miguu yake, mkanda hauna lake.

REHEMA: Nitampigia leo. Lakini ulisema una jambo la wazazi.

BARAKA: Ndiyo, na naomba wanisikilize vizuri. Insulini ndiyo breki ya huku kuvunjwa kwa mafuta. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hana breki hiyo. Mafuta yanavunjwa ovyo, ini linayageuza kuwa ketoni nyingi, ambazo ni asidi, damu inakuwa na asidi. Mtoto anakula lakini anakonda, kiu haikatiki, anaanza tena kukojoa kitandani, kisha anatapika na kuhema kwa nguvu. Pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

REHEMA: Na nyumbani watasema ni malaria.

BARAKA: Hutokea hivyo, anapewa dawa ya malaria na siku zinapotea. Ukiisikia harufu ile, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo, uwaambie wampime sukari. Ni tone moja la damu kidoleni, jibu linatoka chini ya dakika moja.