Mgonjwa Anayeijua Dozi Yake

Ndugu zangu wanafunzi wa uuguzi, nimeombwa nizungumzie nafasi ya mgonjwa katika matibabu yake. Nitaanzia Tete, Msumbiji.

Kule wagonjwa wa VVU waliacha dawa, wala si kwa ukaidi. Kituo kilikuwa mbali, nauli hawana, na foleni ilikula siku nzima ya kibarua. Mwaka 2008 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na mamlaka za afya, wakawaacha wajipange wenyewe katika vikundi vya watu wasiozidi sita. Kila mwezi mmoja wao huenda kituoni. Anapimwa yeye, anaeleza hali za wenzake, anarudi na dawa za wote. Zamu ikizunguka, kila mmoja ameonwa na mhudumu ndani ya miezi sita. Huko nyumbani wanahesabiana vidonge, na anayeanza kudhoofu, wenzake ndio wa kwanza kumgundua. Kazi ya ufuatiliaji tuliyodhani ni yetu peke yetu, majirani waliifanya, tena vizuri.

Dai la mgonjwa kushirikishwa ni la zamani. Mwaka 1983, mjini Denver, Marekani, watu wenye UKIMWI walitoa tamko wakitaka washirikishwe kila mahali panapoamuliwa mambo yao. Wakati huo hata dawa ya kufubaza virusi haikuwapo.

Kwetu Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Kwenye CTC, yaani kliniki za matunzo na tiba ya VVU, wapo WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, na aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Kumpa mtu dawa za miezi sita bila kumfafanulia kipimo cha wingi wa virusi ni kumtwisha mzigo tu. Anaambiwa, "Uko vizuri mama, tutaonana tarehe yako." Vizuri kivipi? Akielewa kwamba virusi visipoonekana kwenye kipimo, naye akashika dozi, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, ataweza kuzungumza na mumewe habari ya kuzaa. Ndoa nyingi zinategemea hilo.

Kwa hiyo majibu yakirudi, mtajieni tarakimu, mwacheni aulize. Aliyeanzishiwa rifampicin ya kifua kikuu akiuliza mbona dolutegravir yake, dawa ya VVU, bado ni mara moja kwa siku, msimwite mjuaji. Ana haki: inapaswa kuwa mara mbili. Na akija na daftari lake, lisomeni kabla ya kufungua faili lenu.