Nani Atalifunga Daraja Saa 8 Usiku?

Ndugu zangu wahandisi, najua wengi mmekuja kwa ajili ya droni za kukagulia madaraja. Kwanza narudi Genoa, Italia, na mliokwisha kunisikia mnivumilie, maana sijaona tulichobadilisha.

Daraja la Morandi, Agosti 14, 2018, saa 5 na dakika 36 asubuhi, mvua inanyesha. Nguzo ya 9 ikaporomoka pamoja na barabara iliyoibeba. Wakafa watu 43. Sasa sikilizeni kinachoninyima usingizi. Barabara kwenye kila nguzo kubwa ya daraja lile ilishikwa na mikono minne tu, inayoshuka mshazari kutoka kileleni mwa nguzo, na nyaya za chuma za mikono hiyo zilizikwa ndani ya zege. Riccardo Morandi, mhandisi aliyelisanifu, alikusudia zege lizikinge na kutu. Kumbe likawa linaificha kutu. Mkaguzi akisimama chini na darubini yake anaona zege. Chuma kinacholiwa ndani hakioni.

Utafanyaje basi? Utausikiliza mkono. Mpiga gambusi akigusa uzi anajua umelegea, hahitaji kuukata autazame. Kihisi cha mtetemo ndivyo kinavyofanya: lori linapita, mkono unatetemeka, kompyuta inahesabu mitetemo kwa sekunde. Mvutano ukipungua, hesabu inabadilika. Wataalamu wa chuo kikuu cha Politecnico di Milano waliupima mtetemo huo mwaka 2017, wakakuta mikono ya nguzo ya 9 haitetemeki inavyotarajiwa. Wakashauri vifungwe vihisi vya kudumu. Hadi daraja linaanguka, havikuwa vimefungwa, na magari yalikuwa yanapita.

Vifaa vilikuwepo! Vilishasema! Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tatizo letu ni kukosa vifaa.

Najua mwingine anasema moyoni: hilo lilikuwa daraja la 1967, letu la Kigamboni ni la 2016, lina kebo za kisasa, la Kigongo–Busisi limefunguliwa juzi tu, 2025. Ndugu yangu, daraja jipya ndilo la kuanza nalo. Usipopima mtetemo wake likiwa zima, baada ya miaka 20 utalinganisha na nini? Daktari hapimi presha yako siku ya kwanza kwa sababu unaumwa. Anaandika ya kawaida yako, ili siku ikipanda aijue. Na joto la mchana peke yake linabadilisha mitetemo, kwa hiyo unahitaji mwaka mzima wa vipimo kabla hujajua kipi ni jua na kipi ni ufa.

Droni mlizozijia, fiba za mwanga ndani ya zege, rada za setilaiti zinazoona nguzo ikishuka kwa milimita, hayo nayaruka, mwenyekiti ananitazama. Minneapolis, Marekani, nitaitaja tu: daraja lilianguka 2007, watu 13 wakafa, jipya likafungwa vihisi zaidi ya 300. Vizuri. Lakini mabamba ya chuma ya viungo yaliyopinda kwenye lile la zamani yalishapigwa picha mwaka 2003.

Ninachotaka ni ukurasa mmoja kwenye kila mkataba wa vihisi: kipimo kikifika hapa, anapigiwa simu fulani, naye ana mamlaka ya kufunga barabara saa 8 usiku bila kusubiri kikao. Nimesoma mikataba mingi. Vifaa vimeorodheshwa mpaka urefu wa waya, ukurasa huo haumo. Nileteeni hata mmoja wenye ukurasa huo, nami nitaacha kuizungumzia Genoa.