Mpunga unaopambana na magugu wenyewe

Shikamooni wazee, na wengine habari za asubuhi. Leo sijaja kuuza dawa, nimekuja na stori ya mbegu.

Kule Stuttgart, jimbo la Arkansas, Marekani, miaka ya 80, mtafiti Robert Dilday alikuwa anapitia mpunga wake majarubani akaona kitu cha ajabu, gugu la majini limejaa kila mahali ila kuna mashina kadhaa yamezungukwa na duara tupu, gugu limefika pale limeishia. Basi wakakusanya mbegu za nchi kibao, zaidi ya aina 10,000, wakapanda waone zipi zina hiyo tabia. Zilizofaulu ni chache. Mojawapo inajulikana sana, PI 312777, jina utadhani namba ya simu.

Siri iko kwenye mizizi. Inaachia vitu udongoni, kimoja kinaitwa momilaktoni B, na kimche cha gugu kikikutana nacho kinadumaa. Wajapani wakaja kugundua kwamba mpunga ukihisi gugu liko jirani unaachia nyingi zaidi, yaani mmea unajua nani kahamia mlango wa pili!

Ila msitupe mabomba ya kupulizia bado. Arkansas walikuwa na shida ya gugu jingine, linalofanana na mpunga mchanga mpaka mtu anang'oa mpunga anabakiza gugu (angalia pale jani linaposhikana na shina, mpunga una kiulimi na vinywele, lile liko plain kabisa). Gugu hilo kuanzia miaka ya 90 hivi likawa halisikii dawa ya propanili. Wakajaribu kupanda mbegu hizi huku wanapiga dawa kwa kipimo pungufu, na mpunga wa kawaida ulizidiwa kuliko huu. Kwa hiyo dawa inapungua, haiishi.

Sasa twende kwenye kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, maana najua ndicho kinachowaumiza hapa Kyela. Mbegu yake inalala udongoni miaka, inaamka ikinusa mzizi wa mpunga halafu inaung'ang'ania na kunyonya, na ukikiona kimechomoza juu ujue chini kimeshakula siku nyingi, kupalilia hapo umechelewa. Baadhi ya Nerica, yaani mpunga wa Kiafrika uliochanganywa na wa Kiasia, mizizi yake inatoa harufu kidogo sana, kwa hiyo kiduha wachache ndio wanaamka. Zimejaribiwa hukuhuku Kyela kwenye mashamba yenye kiduha, aina na aina zinatofautiana sana, zipo zilizostahimili vizuri.

Naam mama, uliza. Zinanukia kama Supa? Nerica 1 inanukia, ila Supa yenyewe siyo, sikudanganyi. Mimi ningekuwa wewe Supa ningeishusha bondeni kwenye maji, kiduha hakiwezi kukaa kwenye maji, halafu Nerica naipeleka kile kipande cha juu ambacho kila mwaka kinakutoa machozi.