Teremsheni Ufito

Ndugu zangu, wengi wenu mmejifunzia kwenye trauti, wale samaki wa mito ya Aberdare, kwa hiyo kurusha nzi, kile chambo bandia chepesi, sitawafundisha. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti hapa Nairobi: mkipambana na samaki mkubwa wa baharini, teremsheni ufito, yaani fimbo ya kuvulia!

Dada, njoo ushike mizani hii. Huu ni ufito namba 12, yaani wa mshipi mzito, futi 9, wa kuvulia sulisuli. Mshipi nimeufunga kwenye kulabu ya mizani. Sasa ufito nausimamisha wima, kama mnavyopenda kupigwa picha kule Watamu. Tazameni ulivyopinda, na mkono wangu unavyotetemeka. Wasomee, dada. Kilo moja na kidogo! Haya, naulaza, ncha karibu imwelekee dada, shina ndilo linalopinda, hapa juu ya mpini. Navuta kwa kiuno. Soma tena. Kilo nne, na jasho halijanitoka.

Ufito ni wenzo, na upande mrefu anao samaki. Ukiusimamisha, yeye ndiye anayekuvuta wewe.

Kuna atakayesema, "Mbona mlimani tunauinua na samaki anatoka?" Anatoka kwa sababu ana nusu kilo, na uzi wako mwembamba unaokolewa na ncha laini. Kolekole wa kilo 20 hana habari na ncha yako. Akikimbilia kulia, vuta kushoto, ufito ukikaribia maji. Akigeuka, nawe geuza. Mpindue kichwa, asipate nafasi ya kupumzika.

Mwingine ataniambia raha ni kushindana naye saa nzima. Raha ya nani? Samaki aliyechoshwa hivyo kwenye maji ya uvuguvugu misuli yake imejaa asidi. Ukimwachilia, huenda akafa huko chini usikomwona, au papa akammaliza. Hili linaniuma. Anayetaka kumrudisha baharini amlete upesi.

Naona naonyeshwa saa. Breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo: kwa uzi wa mwisho, ule unaofungwa nzi, wa nguvu ya kilo 10, anza na breki ya kilo 2.5, na upime kwa mizani, usikadirie kwa vidole. Mshipi ukitoka mwingi usiikaze. Kipenyo cha mshipi uliobaki kwenye rili kikipungua nusu, breki ile ile inakuwa nzito mara mbili. Akiruka, msukumie ufito mbele, mshipi ulegee. Kumnasa kwa ndoana ni kwa kuvuta mshipi kwa mkono, ufito ukimwelekea. Mafundo tutayafunga pale mezani. Wenye uzi njooni nao.