Plagi Nne Mezani

Habari za mchana, vijana. Sogeeni, maana leo tunasoma kwa macho na vidole.

Hizi ni plagi nne za cheche za injini moja, Toyota 5A, nimezipanga kama zilivyokuwa zimekaa, namba moja upande wa mikanda. Tafadhali msiwe na tabia ya kuzitupia zote kwenye kopo. Plagi husomwa kwa kulinganishwa na wenzake. Ukizichanganya, hujui tena mgonjwa alikuwa silinda ipi.

Namba moja, mbili na nne zina kahawia iliyopauka, rangi ya biskuti. Hizo ni nzima. Pokeeni namba tatu mpitishiane: nyeusi, inang'aa, inaacha mafuta kidoleni. Silinda hiyo inakula oili. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa silindani. Ikiwa chini, mimina kijiko cha oili silindani upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Ikiwa nzuri tangu mwanzo, shuku sili za valvu.

Ila angalia oili iko wapi. Hapa niliwahi kuumbuka. Nikiwa bado mwanafunzi wa gereji nilichomoa plagi ya 5A imelowa chapachapa, nikamwambia mzee wa watu injini imekufa, atafute hela ya ringi. Mzee akaanza kupiga simu kwa wanawe. Fundi mkubwa akaichukua ile plagi, akaipangusa kwa tambara, akanionyesha ncha: kavu, rangi ya biskuti! Oili ilikuwa kwenye kauri ya nje tu. Ilivuja kutoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikajaa kwenye tundu la plagi. Tulibadilisha mipira ya kava, basi. Mzee alinitazama, sitasema alivyonitazama.

Tuendelee. Masizi makavu, yanayofutika kama ya sufuria ya kuni, maana yake petroli imezidi hewa: tazama filta ya hewa, nozeli zinazonyunyiza petroli, sensa ya oksijeni. Lakini kama zote nne zina masizi, muulize kwanza mwenye gari anaendaje. Ncha ya plagi inahitaji joto la nyuzi kama 450 au 500 za Selsiasi ili ijiunguzie uchafu yenyewe. Gari ya safari fupi, Sinza hadi Mwenge, tena kwenye foleni, ni shida kufika huko. Ipeleke barabara kuu, ipige mwendo, izime, ipoe, ndipo uchomoe. Hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya aluminiamu; ukilazimisha ikiwa ya moto unaondoka na meno ya tundu yanayoshika plagi.

Nyeupe yenye malengelenge ni joto kali: hewa imezidi, taiming imetangulia, yaani cheche inawahi mno, au plagi si yake. Kwa plagi za kampuni ya NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume, na wengi wanaliwa hapo.

Halafu kuna ile moja inayotoka safi kuliko wenzake, kama imeoshwa. Msiifurahie. Mara nyingi maji ya rejeta yanaingia silindani. Kagua gasketi ya hedi.

Naam, kijana pale nyuma? Anauliza kama plagi yenye ncha ya madini ya iridiamu inasuguliwa kwa brashi ya waya. Hapana, baba. Ncha yake haifiki hata milimeta moja kwa unene. Ukiisugua, andaa hela ya nyingine.