Nani Apewe Tiketi ya Kongamano la Askari wa Hifadhi?

Ndugu wanafunzi, asanteni kwa kunialika. Leo nataka tulizungumzie Kongamano la Dunia la Askari wa Hifadhi, ambalo wengi wenu mnalisikia kwa jina tu: ni mkutano wa askari wanaolinda hifadhi za wanyamapori katika nchi mbalimbali.

Shirikisho la kimataifa la askari hawa lilianzishwa Uingereza tarehe 31 Julai 1992, ndiyo maana Siku ya Askari wa Hifadhi Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Kongamano lake la kwanza lilifanyika Zakopane, Poland, mwaka 1995. Zamu yetu ilifika Novemba 2012, pale Arusha, wakati ambapo majangili walikuwa wakimaliza tembo wetu, hasa katika Pori la Akiba la Selous.

Lakini mkutano ninaotaka tuukalie ni wa Chitwan, Nepal, Novemba 2019. Azimio lililotoka pale halikuwa la faru na chui milia peke yao. Lilimtetea mtu anayewalinda: afundishwe, apewe vifaa, awe na bima, afanye kazi katika mazingira salama, naye pia aheshimu haki za wanavijiji wanaopakana na hifadhi. Kwangu mimi hilo la mwisho lina uzito sawa na bima.

Haikupita hata nusu mwaka. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo katika hifadhi ya Virunga, Kongo, askari 12 waliuawa pamoja na dereva wao na raia wanne. Taarifa ya hifadhi ilisema walikufa wakienda kusaidia gari la raia lililoshambuliwa. Baada ya mazishi, ada za watoto analipa nani? Nyumba ya kituoni mjane anaihama lini? Hayo ndiyo maswali ambayo azimio la Chitwan linapaswa kuyajibu, na bado sehemu nyingi hayajajibiwa.

Mjue pia kwamba orodha ya marehemu inayotolewa na shirikisho kila mwaka si ya risasi tu. Wamo waliokanyagwa na tembo, waliozama mtoni, waliopinduka na gari.

Sasa mfikirieni askari wa doria. Anainama kichakani kufungua mtego wa waya, waya uliopatikana kwa kuchoma tairi kuukuu, mwembamba kiasi kwamba jioni huuoni mpaka ukunase mguu. Viatu vyake vimeachia soli. Redio haishiki mawimbi bondeni. Huyo ana mengi ya kumweleza mwenzake wa Nepal au Bolivia, tena ana mengi ya kujifunza kwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa dunia ina askari wa hifadhi wapatao 286,000, wakati ili kulinda asilimia 30 ya ardhi ifikapo 2030 wanahitajika takriban milioni 1.5. Oktoba 2024 kongamano lilikutana Hyères, Ufaransa. Litakutana tena, na baadhi yenu mtakuwa maofisa mnaopanga majina ya wajumbe. Ombi langu ni hili: msianze na makao makuu. Anzeni na kituo cha mbali kabisa, na askari wanyamapori wa kijiji wawemo, hata kama itabidi bosi mmoja abaki nyumbani.